Yowe la Uongo

Usiku katika vijiji vya Muleba, mkoani Kagera, iwe Ngenge au Nshamba, yowe likipigwa hakuna anayeuliza kwanza ni la nani. Watu hutoka na panga, na rungu, na tochi. Aliyebaki kitandani kesho yake ataulizwa alikuwa wapi. Nguvu ya utaratibu huu iko kwenye jambo moja: kila mtu anaijua sauti ile na anaiamini. Mwizi wa ng'ombe anaweza kumshinda mbio mwenye ng'ombe, lakini yowe hawezi kulishinda mbio.

Sasa chukulia mwizi aliyejifunza kupaza sauti ya kijiji. Watu wamekusanyika, na kutoka gizani inasikika sauti wanayoijua ikisema, "Amekamatwa, rudini mkalale." Wanarudi. Naye anaendelea na kazi yake.

Naanza na kijiji kwa sababu sijapata njia nyingine iliyo bora ya kueleza jinsi saratani na kinga ya mwili zinavyopambana. Na si mfano wa kubuni tu. Virusi viwili vinavyofanya udanganyifu huo vimejulikana duniani kwa sababu ya saratani ambazo ukanda wetu wa Ziwa Viktoria unazifahamu kwa uchungu mkubwa.

Mwili nao una mayowe yake. Seli ikivamiwa na virusi, au askari wa kinga akikutana na kitu asichokitambua, hutolewa protini ndogo sana ambazo wataalamu huziita saitokini. Hizo ndizo ishara. Husafiri kwenye damu na katikati ya seli, hufika kwenye seli nyingine na kujishikiza kwenye kipokezi chake kama ufunguo kwenye kitasa. Ndani ya seli hiyo kazi hubadilika papo hapo: nyingine huanza kuzaliana, nyingine hujifunga milango, nyingine huamriwa kufa ili zisiambukize jirani.

Kila mzazi wa Muleba ameuona ushahidi wa ishara hizi. Mtoto mwenye malaria anapochemka na kutetemeka chini ya mablanketi mawili, si vimelea vyenyewe vinavyompandisha joto. Chembe nyekundu za damu zinapasuka, seli za kinga zinapiga yowe kwa saitokini, na yowe hilo likifika kwenye ubongo linauamuru mwili upandishe joto. Homa ni kijiji kilichoamka.

Saitokini ya kwanza kupata umaarufu ni interferoni. Watafiti Alick Isaacs na Jean Lindenmann waliitambua London mwaka 1957, wakaipa jina hilo kwa sababu ilikuwa inaingilia kazi ya virusi. Baadaye zikajulikana nyingi: familia ya intalukini, ambazo hutajwa kwa namba, na nyingine iliyopatikana New York mwaka 1975 na kikundi cha Lloyd Old, iliyofanya uvimbe wa panya uoze na kufa. Waliiita kwa kazi yake, kiua-uvimbe, na kifupi chake ni TNF. Ilionekana kama jibu la saratani limepatikana.

Miaka 10 baadaye watafiti waliokuwa wakitafuta kitu tofauti kabisa, yaani kinachomfanya mgonjwa wa muda mrefu akonde hadi abaki mifupa, walikipata kitu hicho na kukisoma. Kilikuwa TNF ile ile. Protini inayoua uvimbe ndiyo pia inayoyeyusha nyama ya mgonjwa. Hapo ndipo ugumu wote wa jambo hili ulipo, na naomba msomaji aushike: hakuna saitokini nzuri wala mbaya. Yowe lile lile linaloita wasaidizi, likipigwa mwaka mzima bila kukoma, huchosha kijiji, huvunja nyumba na kumwachia mwizi nafasi.

Turudi ziwani. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alioneshwa mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kushoto na kulia. Muda mfupi baadaye, akiwa Jinja, alimwona mwingine. Mwaka uliofuata aliandika habari za uvimbe huo, ambao leo unaitwa limfoma ya Burkitt. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu na kuzunguka Afrika Mashariki hadi kusini ya bara wakiuliza hospitali kwa hospitali: mmewaona watoto wa namna hii? Majibu yalichora ramani. Ugonjwa ulikuwa mwingi mahali penye joto na mvua, ukapungua kwenye miinuko yenye baridi. Anayetoka mwambao wa ziwa kupanda Kamachumu anaisikia tofauti hiyo kwenye ngozi yake. Ramani ya ugonjwa ililingana na ramani ya malaria.

Lakini kuna jambo jingine waliloliona Mulago, na kwangu mimi ndilo kubwa zaidi. Mwaka 1967 Burkitt pamoja na Sebastian Kyalwazi, daktari wa upasuaji wa Uganda, walichapisha habari za wagonjwa ambao uvimbe wao ulinywea wenyewe. Watoto wengine walipewa dozi moja au mbili za dawa, na walipoonekana tena walikuwa wazima. Dawa kidogo namna ile isingeweza kumaliza kila seli ya saratani. Kuna kitu ndani ya mwili kilikuwa kimemalizia kazi. Wakati huo, duniani kote, wengi waliamini kwamba kinga ya mwili haina habari na saratani, kwa kuwa saratani ni nyama ya mtu mwenyewe. Watoto wa Afrika Mashariki walikuwa wamebeba ushahidi wa kinyume chake.

Vipande vya uvimbe vilikuwa vikipelekwa London kwa ndege, kwa mtafiti aitwaye Anthony Epstein. Safari moja, Desemba 1963, ukungu ulifunga uwanja wa London na ndege ikatua Manchester. Kifurushi kilipofika maabara, maji yake yalikuwa yamechafuka kama yaliyoingiwa na bakteria. Kilistahili kutupwa. Epstein hakukitupa. Alikiweka chini ya hadubini na kuona kwamba uchafu ule ni seli hai zinazoelea. Kutokana na kazi hiyo yeye, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza mwaka 1964 virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Leo vinaitwa Epstein-Barr, na karibu kila mtu mzima duniani anavyo. Huku kwetu mtoto huvipata akiwa bado mdogo sana.

Mwaka 1990 ndipo ulipofichuka wizi. Wanasayansi walikuwa wamesoma jeni ya intalukini-10, saitokini ambayo kazi yake ni kutuliza. Yowe likiisha, mtu lazima aseme "rudini mkalale", vinginevyo mwili ungejiangamiza wenyewe. Walipolinganisha jeni hiyo na nyingine zilizokwisha kusomwa, walikuta inafanana na jeni moja ya virusi vya Epstein-Barr. Protini hizo mbili zimelingana kwa zaidi ya asilimia 80. Virusi vilikuwa vimechukua sauti hiyo kutoka kwa kiumbe vilichokaa ndani yake, zamani tusizoweza kuzihesabu, vikaihifadhi na kuitumia vinapoingia na kuzaliana. Askari wanasikia agizo la kutulia, nalo halikutoka kwa mkubwa wao.

Ndani ya uvimbe wa Burkitt wenyewe virusi hivyo hufanya ujanja wa aina nyingine: hunyamaza. Huzima karibu protini zao zote na kubaki na moja tu, EBNA1, ambayo haviwezi kuishi bila hiyo. Ni kama mwizi aliyefuta nyayo zote akabakiza moja. Je, mwili unaiona nyayo hiyo?

Jibu lilitoka ng'ambo ya ziwa. Watafiti Ann Moormann, Rosemary Rochford na wenzao wa Kenya walilinganisha watoto wa Kisumu, ambako malaria ni ya mwaka mzima, na watoto wa miinuko ya Nandi, ambako huja na kuondoka. Walipima kama seli za kinga za watoto hao zinatoa interferoni-gama zikikutana na alama za virusi vya Epstein-Barr. Interferoni-gama ndiyo ishara inayoamsha wauaji na kuilazimisha seli yenye ugonjwa ioneshe nje kilichomo ndani. Mwaka 2007 walieleza kwamba watoto wa Kisumu wa umri wa miaka 5 hadi 9, umri ambao Burkitt hupenda kushambulia, walikuwa na mwitikio dhaifu kuliko wenzao wa Nandi. Mwaka 2009 wakaongeza kwamba watoto wenye Burkitt walipungukiwa hasa na mwitikio wa interferoni-gama dhidi ya EBNA1. Nyayo moja iliyobaki, na ndiyo ambayo hakuna aliyeipigia yowe.

Hivi ndivyo malaria inavyoingia kwenye saratani. Kila homa inaamsha seli B za damu, zile ambazo zikiharibika huwa Burkitt, na kuzifanya zizaliane kwa haraka, na kwenye haraka hiyo vinasaba hukatika na kuungwa pasipo pake. Na malaria ya kila mwezi inawachosha askari waliopaswa kuziona seli zilizoharibika. Mbu hawaambukizi saratani. Ila wanaivunjia uzio.

Kama hivyo ndivyo, kuzuia malaria kungepunguza Burkitt. Wazo hilo lilijaribiwa hapa hapa Tanzania, upande wa mashariki wa ziwa letu. Kuanzia mwaka 1977 hadi 1982 watoto wa chini ya miaka 10 huko Mara ya Kaskazini walipewa klorokwini mara kwa mara, na daktari George Brubaker wa hospitali ya Shirati akiwa mmoja wa wahusika. Burkitt ilipungua, kisha jaribio lilipokwisha ikapanda. Ila kupungua kwenyewe kulianza kabla ya dawa kutolewa, na malaria nayo ikarudi wakati klorokwini ikiendelea kupoteza makali. Watafiti walikuwa waungwana. Walisema matokeo hayatoshi kutoa hukumu. Nawaheshimu kwa hilo.

Na sasa Muleba yenyewe. Mbu wa wilaya hii walikuwa wamezoea dawa ya kawaida ya vyandarua. Walitua juu yake na kuondoka wazima. Kati ya mwaka 2014 na 2017 Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, chuo cha tiba cha KCMC cha Moshi na watafiti wa London waligawa wilaya katika maeneo 48. Baadhi walipewa vyandarua vya kawaida, wengine vyandarua vilivyoongezwa kemikali iitwayo PBO, ambayo humnyang'anya mbu uwezo wa kuivunja sumu. Watoto waliolala kwenye vyandarua vya PBO walipatikana na malaria kidogo zaidi. Kabla hata matokeo hayajachapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2018, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwisha kuyatumia kupendekeza vyandarua hivyo kwa nchi zenye tatizo kama letu. Mamilioni ya watu leo wanalala chini ya vyandarua vilivyothibitishwa na watoto wa Muleba, na sidhani kama wenyeji tumewahi kujivunia jambo hilo ipasavyo.

Watafiti wale walikuwa wakihesabu malaria, hawakuhesabu saratani. Lakini mama anayechomeka chandarua chini ya godoro jioni analinda pia ile interferoni-gama ya mwanawe.

Kuna saratani ya pili ambayo Kagera inaijua zaidi kuliko mikoa mingi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani humu mwaka 1983. Watu wakauita Juliana, kwa jina la vitambaa vya magendo vilivyokuwa vikivuka mpaka kutoka Uganda. Ng'ambo ya mpaka, Rakai, waliuita kwa ule ukondefu wake. Mwaka 1987 uchunguzi ulikuta karibu robo ya watu wazima wa mji wa Bukoba wana VVU. Walioishi miaka ile wanakumbuka pia mabaka: meusi au ya zambarau, miguuni, usoni, kwenye kaakaa, na mguu unaovimba ukawa mgumu kama gogo. Ni saratani ya Kaposi.

Ugonjwa huo ulikuwapo kwetu kabla ya VVU. Mwaka 1961 madaktari kutoka nchi mbalimbali walikutana Kampala kuujadili, kwa kuwa ulikuwa mwingi sehemu hizi kuliko karibu popote duniani. Chanzo chake kilipatikana mwaka 1994, pale Yuan Chang na Patrick Moore walipogundua virusi vinavyoitwa HHV-8, ndugu wa Epstein-Barr. Watu wengi Afrika Mashariki wanavyo na hawataumwa maisha yao yote, mradi kinga yao imesimama.

Mwaka 1996 ikaonekana kwamba ndugu naye ni mwizi. Yeye aliiba intalukini-6, ishara inayoziambia seli zizaliane na, pamoja na nyingine, kuchochea mishipa mipya ya damu. Ndiyo maana mabaka ya Kaposi yana rangi ya damu: ni uvimbe wa mishipa. Na huyu mwizi aliongeza ufundi. Intalukini-6 yetu huhitaji vipokezi viwili ili ifanye kazi. Mwili ukiona hatari, interferoni hukifunga kimojawapo, na ishara ya kuzaliana inakatika. Ya virusi huhitaji kimoja tu, kile ambacho interferoni haikukifunga. Mwenye nyumba amefunga mlango wa mbele, mgeni anaingia wa nyuma.

VVU vikiwaangusha askari, uongo huo unabaki bila wa kuupinga. Ndiyo maana tiba ya kwanza ya Kaposi kwa mwenye VVU ni dawa za kufubaza VVU, na kwa baadhi ya waliowahi mapema mabaka hufifia hata bila dawa za saratani. Wengine, wiki za mwanzo, huzidiwa kwa muda, maana kinga inaamka kwa kishindo na saitokini zinafurika. Mgonjwa asiyeambiwa hilo mapema anaweza kudhani dawa ndiyo inayomuua, akaiacha. Waganga wa kliniki walieleze jambo hili waziwazi, kwa lugha ya mgonjwa, siku ya kwanza.

Msomaji atauliza: kama ishara hizi zinajulikana, mbona tusimpe mgonjwa ishara njema kwa kidonge? Wakubwa wetu walitutangulia kuuliza. Julai 1990 Rais Daniel arap Moi alizindua Nairobi dawa iitwayo Kemron, kazi ya Davy Koech wa taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI. Ilikuwa interferoni-alfa, kiasi kidogo sana, ya kuyeyusha mdomoni, na ilitangazwa kama ushindi wa Afrika dhidi ya UKIMWI. Matumaini yalikuwa makubwa, na nayaelewa. Majaribio yaliyofuata, likiwamo la Uganda lililochapishwa mwaka 1998, hayakuona faida yoyote. Kunong'ona kwa mbali hakumwamshi aliyelala. Na kupaza mno nako kuna bei yake: interferoni ya dozi kubwa iliruhusiwa Marekani kwa Kaposi mwaka 1988, na intalukini-2 kwa saratani ya figo mwaka 1992, lakini homa, uchovu na mishipa inayovuja vilifanya wagonjwa wengi washindwe kuzimaliza.

Hatua kubwa ilikuja kwa njia nyingine. Seli za saratani zikisikia interferoni-gama inakaribia, nyingi huinua bendera ya kusitisha vita, nao askari husimama. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani, waliosoma breki hizi za askari, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Dawa zinazoziondoa zimewaponya watu waliokuwa wamekata tamaa. Kwa bei yake hazimfikii mkulima wa ndizi wa Ngenge, na hilo ni kosa la dunia, si la sayansi.

Ila tusisubiri bei zishuke ndipo tuanze, kwa kuwa tunavyo vitu vingi vya kufanya leo: chandarua, kupima VVU na kumeza dawa kila siku, chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi kwa mabinti, ambayo Tanzania inaitoa nchi nzima tangu mwaka 2018. Vyote hivyo vinafanya kazi moja, kuwaacha askari wa mwili wasikie yowe la kweli.

Na limfoma ya Burkitt hupona kwa dawa, hapa hapa kwetu, mtoto akiwahi. Shida ni mwendo wake: seli zake huweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Kwa hiyo mzazi, bibi, mwalimu wa shule ya msingi: ukimwona mtoto ana uvimbe wa taya usiouma, meno yanalegea bila sababu, jicho linasukumwa nje au tumbo linajaa haraka, usimpeleke kung'olewa jino wala usingoje mavuno. Mpeleke Rubya, Ndolage au hospitali ya mkoa Bukoba wiki hii hii, na uombe rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza.